Waliobaki Kituo cha Kuni

Baba yake madam, mwajiri wangu, alikuwa mhandisi wa bandari. Alikuja Dubai kijana, wakati ambapo upande huu wa Al Twar, kwa maneno yake, ulikuwa mchanga na mbuzi. Akajenga magati, akazeeka, mkewe akafia hapa, na yeye hakurudi kwao Ulaya. Nilipoajiriwa kumtunza, miguu ilikuwa imemchoka lakini akili ilikuwa timamu. Madam alitoka asubuhi kwenda ofisini kwake Freezone, eneo la makampuni, na toka hapo hadi alasiri nyumba ilibaki na sisi wawili, mapazia mazito yamefungwa kuzuia jua, kiyoyozi kinanguruma, ndege zinashuka juu ya paa hadi vikombe vinatetemeka kabatini.

Nilimwita Sir, kama wanavyoitwa wote hapa. Tulizungumza Kiingereza, chake cha kwao na changu cha Mombasa, tukaelewana vizuri.

Ukutani mbele ya kiti chake palikuwa na picha ya kizamani: chombo mtoni, dohani refu jembamba katikati, na ubavuni gurudumu kubwa la mbao. Siku moja nikipangusa vumbi nilimwuliza kama kile ni kinu cha kusagia. Akacheka mpaka akakohoa.

"Ni meli ya moshi," akasema. "Babu wa babu yangu alipanda meli kama hiyo akiwa mtoto. Keti. Chai itangoja."

Nikaketi ukingoni mwa sofa, kitambaa bado mkononi.

Alisema hizo zilikuwa siku za mwanzo za meli za moshi kwenye mto Danubi, ule mto mkubwa unaopita Vienna na kwenda kumwagika Bahari Nyeusi. Kabla ya hapo, kupanda mto kulikuwa kuvutwa kwa kamba na farasi waliotembea ukingoni. Ghafla kikaja chombo kinachojiendesha, kinapiga maji kwa magurudumu na kutema cheche. Ng'ombe walitimka malishoni. Wanawake vijijini walipiga ishara ya msalaba kilipopita. Abiria wa sitahani walikaa na ndoo ya maji karibu, kwa sababu cheche ziliwatoboa shali na kofia. Giza likiingia meli ilitia nanga, nahodha akiogopa mafungu ya mchanga yanayohamahama. Na kwa vile boila ilikula kuni bila kushiba, huku na huku ukingoni palikuwa na vituo vya kuni: rundo la magogo na kibanda, mara nyingi bila mtu.

Familia ya yule mtoto ilikuwa inahamia mji wa chini ya mto, ambako baba alipata kazi kwenye ghala la nafaka. Mama alikuwa na kichanga kifuani. Palikuwa na kijana huyo mwenyewe, dada yake mdogo, na mama mdogo wao ambaye hajaolewa. Njiani yule binti akashikwa na homa. Ng'ambo moja ya mto ilikuwa nchi ya Waturuki, na siku hizo homa upande ule ilikuwa na jina moja tu, tauni. Meli ikishukiwa kuwa nayo, abiria wote waliwekwa karantini wiki na wiki. Watu wa sitahani wakaanza kunong'ona, kisha wakaacha kunong'ona wakasema wazi.

"Nahodha hakuwa mtu mbaya," Sir akaniambia. "Hivyo ndivyo tulivyofundishwa nyumbani sote. Alivua kofia alipozungumza na mama."

Nahodha alisema mtoto ateremshwe kituo cha kuni kinachofuata, akae na mtu mmoja wa kumwuguza. Wakata kuni wangekuja. Meli ikirudi, ingewachukua. Mama akainuka kukusanya vitu vyake, kichanga kikalia, na mdogo wake alikuwa tayari amekwisha kujifunga kitambaa kichwani. Akasema, "Kaa. Mimi sina anayenyonya."

Wakapewa mablanketi, mikate, na sukari ya donge iliyofungwa kwa karatasi ya buluu. Kijana alisimama tezi, nyuma kabisa ya meli, akawaona. Mama mdogo aliinua mkono akauacha juu, hakuupunga. Yule binti alikuwa analia. Alijua analia kwa sababu mdomo ulikuwa wazi, lakini magurudumu yalipiga maji kwa kishindo na sauti haikumfikia.

Meli iliporudi, maji yalikuwa yamepungua, haikuweza kusogea upande ule. Safari iliyofuata, vivyo hivyo. Kisha mto ukaganda. Baba yao alifika pale majira ya kuchipua majani, kwa mashua ya kukodi. Kibanda kilikuwapo. Kuni zilikuwapo. Palikuwa na majivu. Sukari ilikuwa imetundikwa tawini ndani ya karatasi yake, nzima, haijamung'unywa. Wakata kuni waliapa kwamba walipofika hawakukuta mtu.

"Hapakuwa na kaburi," Sir akasema. "Kungekuwa na kaburi, nisingekuwa nakusimulia."

Yule kijana alikua akawa mshika usukani wa meli hizohizo, na kila alipopita pale aligonga kengele. Mwanawe naye akaambiwa, na mwana wa mwanawe. Sir alipelekwa na baba yake kupaona. Baadaye lilijengwa bwawa, mto ukainuka, kituo na ukingo wote vikazama.

"Sasa hata pa kutazama hapapo," akamaliza, akaomba chai yake.

Nilikwenda jikoni nikasimama mbele ya birika bila kuliwasha. Mimi nina binti. Nilimwacha Kisauni, Mombasa, kwa mdogo wangu wa kike wakati hata kuvaa viatu peke yake hajui. Mdogo wangu hakuwa na mtoto, akasema nenda, mimi nipo. Sikumwambia Sir habari hiyo, siku ile wala baadaye.

Mwaka uliofuata akili yake ikaanza kwenda na kurudi. Kwanza aliniomba niongeze sahani mbili mezani wakati wa chakula cha mchana. Nikaongeza, nikidhani madam kaalika wageni. Alikula kimya akiangalia zile sahani tupu, akasema kwa upole, "Hawana njaa bado." Kisha akaanza kusikia magurudumu. Aliinua kidole ninyamaze, akasikiliza. Nami nilinyamaza nikasikiliza, na kwa kuwa nyumba ilikuwa na mashine ya kiyoyozi ukutani nje na pampu ya maji juu ya paa, kilikuwapo kitu cha kusikia. Pu, pu, pu. Nilijua ni pampu. Lakini mara moja nilipanda juu kuiangalia, nikaikuta imezimwa.

Siku moja nikimvalisha soksi alinishika mkono akaniita kwa neno la kwao. Madam aliporudi nilimwuliza maana yake.

"Ni mama mdogo," akasema. "Anakuona wewe ndiye yule wa kituo cha kuni. Mwitikie tu. Haina madhara."

Basi nikawa naitika. Maswali yake yalikuwa ya mtoto. "Mlikuwa wapi?" "Mlilala wapi theluji ilipoanguka?" Nilibuni majibu: tuliwasha moto, watu wema walipita na mkokoteni, wakatuchukua. Alisikiliza kwa makini kama mtu anayepima mbao. Kisha, akiwa ananitazama moja kwa moja machoni, akauliza, "Kwa nini hamkula sukari?"

Alikuwa ananiuliza kama mama mdogo, na mimi nilijua katika hadithi ile mimi si mama mdogo. Mama mdogo alikuwa Kisauni. Mimi nilikuwa yule aliyebaki melini.

Nyumba ya pili ilikaa familia ya Kizanzibari, wenyeji wa hapa toka enzi za babu zao, na bibi yao alikuwa akinipa mkate wa kumimina siku za Ijumaa. Nilimweleza yote penye ukuta unaotenga nyumba zetu.

"Mwanangu, nyumba hiyo ina watu," akasema. "Tena wageni hasa, hata lugha yao hatuijui." Alinipa ubani ndani ya karatasi ya rangi ya fedha. Nikaufukiza sebuleni. Sir akavuta pumzi, akasema kwa furaha, "Wamewasha moto." Sikufukiza tena.

Halafu ikaja siku ya kutoroka kwake. Ilikuwa kiangazi, saa sita mchana, jua la kuua. Mtu wa kuleta maji aliacha geti wazi, nami nilikuwa jikoni nachuja supu. Niliporudi sebuleni kiti kilikuwa kitupu. Nilikimbia nje bila viatu, nikarudi kuvaa kwa sababu lami ilinichoma, nikatoka tena. Nilimkuta mwisho wa mtaa, penye barabara kubwa, ameshika reli ya chuma na mikono yake miwili. Mazigazi yalikuwa yametanda barabarani, lami yote inameremeta na kucheza kama maji yanayokwenda.

"Sir, twende ndani. Yalla, tafadhali."

"Wamekaa pale," akasema. "Ng'ambo."

Nikatazama ng'ambo. Kwenye kituo cha basi, kile kibanda cha vioo chenye kiyoyozi, alikuwa amekaa mwanamke aliyejifunga kitambaa kichwani. Mtoto wa kike alikuwa mapajani mwake, amefunikwa blanketi zito, katika joto lile. Mtoto alikuwa analia. Magari yalipita, vioo vilikuwa vimefungwa, sikusikia chochote. Niliona mdomo tu.

Sijui tulisimama muda gani. Mwanamke aliinua uso akatuangalia. Nilitaka kuinua mkono nikashindwa, nilikuwa nimemshika Sir kiunoni asianguke. Basi likaja likasimama mbele yao, likakaa kidogo, likaondoka. Kibanda kilikuwa kitupu.

"Wamechukuliwa," Sir akasema. Alishusha pumzi ndefu, mabega yakamlegea. Kisha akanitazama kwa macho yake ya zamani, macho ya mhandisi. "Jua kali hivi. Kwa nini tuko nje?"

Nilimweleza madam yote, maana nisingeweza kuficha jinsi alivyoungua uso. Nilidhani atanifukuza. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ni yaya na mtoto wa bosi wake," akasema. "Wametoka kliniki. Kliniki zina baridi, watu hubeba mablanketi."

"Inawezekana, madam."

"Uliwaona kweli? Si kwamba yeye alikuambia, ukaona?"

"Niliwaona."

Akainuka akaenda kuishusha ile picha ukutani, akaiweka juu ya kabati, uso ukiangalia ukuta.

Sir hakuwataja tena. Hakuomba sahani za ziada, hakuinua kidole kusikiliza. Alipungua polepole, bila maumivu, na kabla kiangazi hakijaisha alifariki mchana mmoja baada ya kunywa maji, mimi nikiwa nimekaa karibu yake. Madam alimsafirisha akamzike kwao. Aliporudi alinitafutia kazi kwenye hoteli ya Al Garhoud, akanipa na likizo kwanza. Nilikwenda nyumbani.

Kilichokuwa kimemwacha Sir kilikuwa kimekuja kwangu. Ndani ya ndege, kwenye foleni ya forodha, kwenye tuktuk hadi Kisauni, niliona ule mdomo wazi. Niliwaza nitafika nikute mlango na majivu.

Nilikuta wali wa nazi na mdogo wangu amepaka hina. Binti yangu alitoka chumbani, mrefu, shungi limefungwa vizuri. Akainama.

"Shikamoo," akasema, kama anavyoambiwa mgeni. Kisha akamgeukia mdogo wangu: "Mama, nimletee maji?"

Mdogo wangu aliona haya, akasema, "Mama yako ndiye huyo." Nikamwambia amwache. Nilikunywa yale maji.

Kwa siku kadhaa alinizunguka kwa mbali. Nikiamka namkuta mlangoni ananitazama, nikimwita anaondoka. Siku moja alasiri, akitoka chuo cha Kurani, alikuja na kitana na mafuta ya nazi akakaa chini mbele yangu, akajisogeza katikati ya magoti yangu, akanipa kisogo. Nilimsuka. Nywele zake zilikuwa nzito kuliko nilivyozikumbuka, na utosini alikuwa na kovu dogo nisilolijua. Nilimwuliza kovu la nini.

"La zamani," akasema. "Ulikuwa hujaja."

Mdogo wangu alikuwa akituangalia kutoka jikoni, na uso wake sikuweza kuusoma. Jioni ile nilimwambia nitaacha kazi Dubai nirudi nyumbani moja kwa moja, safari hii ni ya kweli. Akaendelea kuosha vyombo.

"Usiniambie mimi, dada. Mwambie yeye. Mimi ndiye ninayeulizwa, na nimechoka kubuni."

Nilimwambia. Nilimtajia mwezi nitakaorudi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Hakufurahi wala hakununa. Aliuliza kama atahama kwa mama mdogo wake, nikamwambia tutakaa wote nyumba moja, akaitika kwa kichwa.

Sasa niko tena Dubai, na mwezi wenyewe ni ujao. Meneja wa hoteli anasema nifikirie, kazi hazipatikani ovyo, na ni kweli. Nikipita Al Twar kwa basi sikai upande wa dirisha. Kila adhuhuri, kabla zamu haijaanza, napiga simu Kisauni, na ikiita sana bila kupokewa natoka nje nasimama kwenye jua mpaka mtu anisemeshe.