Siku Mama Alipoingia Kwenye Simu

Nyumba yetu ya Chanika niliijenga nikiwa Maskati, na sioni haya kusema niliijenga vizuri. Kila Ijumaa fundi alinipigia simu ya video, nami namwelekeza: rudi nyuma, nionyeshe hiyo kona, huo mstari umepinda, bomoa. Vyumba vitatu, vigae mpaka jikoni, matangi mawili ya maji juu ya mnara. Mimi ni mtoto wa mama muuza vitumbua wa Temeke. Stashahada yangu ya majokofu na viyoyozi niliipata kwa kubeba zege kila likizo, na cheti chenyewe nimekitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni akikaa hawezi kukikwepa.

Kwa hiyo niliporudi nyumbani moja kwa moja, nilitegemea kupokelewa kama mwenye nyumba. Binti yangu alinichungulia kutoka nyuma ya sketi ya mama yake, akasema, "Shikamoo, anko."

"Marahaba," nikajibu. Ningejibu nini?

Niliondoka akiwa na miezi mitano. Nilikuja likizo ya mwezi mmoja alipotimiza miaka miwili. Wiki tatu alinikimbia, ya nne akanizoea, nikaondoka tena. Sasa alikuwa na mitatu, na likizo ile ilikuwa imetuachia mdogo wake wa kiume, ambaye nilimkuta ana wiki mbili. Baba yake binti yangu aliishi kwenye simu ya mama yake. Nikiwa nimekaa naye kochi moja, aliichukua simu ile, akaifungua picha yangu nikiwa na ovaroli, nacheka na pengo la jino la mbele, akaibusu. "Baba," alisema. Nilimwonyesha picha, nikajionyesha mimi. "Huyu ni mie." Akanikagua. "We anko."

Mama mkwe wangu, aliyekuwa ametoka Newala kuja kumuuguza mwanawe uzazi, alicheka mpaka akafuta macho. "Mvumilie, mkwe wangu. Huyu mume wangu mdogo hana neno," alisema, akimpakata mtoto mchanga. "Ila huyu mke mwenzangu habembelezeki kirahisi."

Miezi miwili na nusu ikapita hivyo. Kisha korosho zikaanza kudondoka kwao, mama mkwe akapanda basi Jumatano. Ijumaa likizo ya uzazi ya mke wangu ikawa imekwisha, na shule anayofundisha iko Ukonga. Dada wa kazi angefika Jumatatu. Siku moja katikati ilikuwa yangu.

"Utaweza, baba watoto?" mke wangu aliniuliza akifunga viatu.

"Mie huyu? Nimesimamia viyoyozi vya jengo la ghorofa ishirini."

"Viyoyozi havichafui nepi," akasema, akaondoka.

Maziwa aliyoyakamua yalikuwa kwenye vikombe vinne vyenye vifuniko, kwenye mlango wa friji. Nikavihamishia ndani kabisa, maana mlangoni baridi hupanda na kushuka kila unapofungua. Hilo hakuna bibi aliyenifundisha. Nikampa mtoto kikombe cha kwanza kwa kijiko, akamaliza, akacheua, nikajiona nimeshinda.

Saa nne akaanza kulia. Nikamlaza kwenye kitanda chenye uzio nilichokisafirisha kwa meli, kile kinachopiga muziki, akalia juu ya muziki. Nikampepea. Nikambadilisha nepi mara mbili, ya pili ikiwa kavu. Dada yake alikuwa ameegemea mlango, mwanasesere kwapani, ananitazama ninavyohangaika.

"Anko. Mgongoni."

"Nini?"

"Bibi anambebaga mgongoni."

Akaenda chumbani, akarudi akiburuta kanga. "Inama," akaniamuru. Nikapiga magoti kitandani, ili mtoto akiteleza aangukie godoro. "Inama sana." Nikainama sana. Mara ya kwanza kanga ilikaa upande na mtoto akaning'inia kama begi. Mara ya pili binti yangu alipanda kitandani, akaivuta mwenyewe kwa mikono miwili. "Huku, kwenye matako. Vuta. Funga." Kabla sijamaliza fundo, kilio kilikatika. Shavu dogo lilitua katikati ya mabega yangu, la moto, lenye mate.

"Kalala," akaninong'oneza. "Usikae."

"Nikikaa?"

"Ataamka."

Nilisimama saa nzima na zaidi. Niliosha vyombo, nikafagia, nikamkaangia yai mwalimu wangu wa miaka mitatu.

Mchana, wakati wa mapumziko ya shule, mke wangu akapiga simu ya video. Nikampa binti yangu simu, nikidhani namfurahisha.

"Hallo, mama! Umekula?" mke wangu aliuliza, kelele za wanafunzi nyuma yake.

Binti yangu aliugusa uso wa mama yake kwa kidole. Akaigeuza simu, akatazama nyuma yake. Akaigeuza tena.

"Mama, toka."

"Nitoke wapi tena?" mke wangu akacheka. "Nakuja jioni, eh? Nakupenda." Kengele ikalia, uso ukapotea, na mtoto akaangua kilio ambacho sijapata kukisikia kwake. Siyo cha kudeka. Alilia kama mtu aliyefiwa.

Ilinichukua muda kuelewa. Kwake yeye, mtu akishaingia kwenye simu, haji kula chakula cha usiku. Anakuuliza umekula nini, anakubusu kwenye kioo, anakuaga mpaka Ijumaa nyingine. Humkalii mapajani. Na aliyemfundisha hivyo, tangu hajajua kutembea, ni mimi.

Nikapiga magoti mbele yake, mdogo wake bado mgongoni. Alinitazama katikati ya kwikwi, mdomoni, palipo na pengo langu la jino la mbele. Akalitazama sana.

"We ulikuwa kwenye simu," akasema.

"Ndiyo. Nilikuwa humo."

"Ulitokaje?"

Nimewahi kuwaeleza wahandisi, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, kwa nini mashine yao ya baridi imekufa. Hili halikuwemo kwenye stashahada.

"Nilichoka kukaa humo," nikasema. "Nikapanda ndege nikaja."

"Mama hana ndege."

"Atapanda gari."

"Mtoe."

"Nitamtoa. Saa kumi atakuwa hapa."

Tangu hapo, ukiacha kumnywesha mtoto maziwa na kumrudisha mgongoni, hatukufanya kitu kingine cha maana. Tulisimama getini, mimi na mzigo wangu mgongoni, yeye ameshika ncha ya kanga. Mama mwenye genge la mboga mkabala nasi alituona.

"Heee! Mwenye matangi mawili, leo umekuwa bibi?"

"Mie nina diploma, mama. Nabeba chochote."

"Diploma ya kubeba mtoto wanatoa chuo gani?"

"Nimetunukiwa leo asubuhi. Mwalimu wangu huyu hapa."

Mwalimu hakucheka. Macho yake yalikuwa barabarani. Saa kumi ikafika, ikapita. Nikampigia mke wangu, hapatikani. Nikairudisha simu mfukoni haraka, mtoto asije akaiona. Saa kumi na nusu. Niliwaza kwamba akisinzia kabla mama yake hajafika, atalala akijua nimemdanganya, na mimi nitabaki anko mpaka aolewe.

Kisha mke wangu akatokea kwenye kona, viatu vimejaa vumbi, mkononi fungu la mchicha.

Binti yangu hakukimbia. Alimwendea polepole, akamshika sketi, akamvuta ainame, akampapasa uso wote, pua, masikio, kama anayekagua kitu kilichorudi kutoka kwa fundi.

"Simu imeisha chaji," mke wangu alinieleza juu ya kichwa cha mtoto, halafu akaona kanga. "We! Nani kakufunga hivyo?"

"Mama," mtoto akadakia. "Baba kakutoa."

"Kanitoa wapi?"

"Kwenye simu."

Mke wangu alinyanyua macho, akasubiri maelezo. Kila nilichokifanya katika maisha yangu nimezidai sifa zake, na zilikuwa halali yangu. Hiki sikukifanya. Kilifanywa na basi la Chanika.

"Ilikuwa kazi," nikamwambia.

Binti yangu alikuwa ameshanigeukia. Akamnyooshea kidole mdogo wake.

"Mpe mama huyo," akasema. "Baba, inama."

Nikampa mama yake mtoto. Nikainama sana.