Gari la Kaka Wambura

Kuna watu wakisikia habari za wafu wanacheka, na mimi nilikuwa mmoja wao. Cheka tu. Lakini haya yalitokea Bunda, saa saba mchana, jua linawaka, na meno ya yule mtu niliyang'oa mimi mwenyewe. Sikusimuliwa na mtu.

Nianze na kaka yangu Wambura. Alikuwa dereva wa teksi hapa Musoma. Siku moja alipata abiria wa kwenda Bunda, akaondoka, hakurudi. Baada ya siku mbili gari lake lilionekana kichakani, tairi zimeng'olewa, na mkanda wa kiti cha dereva umekatwa kwa kisu. Mwili hatukuupata. Tulitafuta mpaka tukachoka, hata shati lake hatukuliona.

Mwaka uliofuata nikajifungua mtoto wa kiume, nikampa jina la kaka. Kwetu mtoto hurithi jina la marehemu, hilo si jambo geni. Ila bibi yetu wa kijijini Buswahili alikataa katakata.

"Mjukuu wangu, mtu hatujamzika, haturithishagi jina lake," aliniambia. "Bado anatembea nalo."

Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya kale. Nilikuwa na uchungu, nilimtaka kaka yangu arudi kwa njia yoyote ile. Basi mtoto akawa Wambura, na nyumbani nikamwita Kaka. Ningejuaje?

Alipotimiza miaka mitatu akawa kichaa wa magari. Nikampeleka Bunda, kwenye duka la midoli ambalo shoga yangu alilisifia sana. Mwenye duka alikuwa mwanaume wa makamo, mnene, mcheshi kupita kiasi. Nje alikuwa amepanga yale magari ya betri ambayo mtoto anapanda na kuyaendesha mwenyewe.

"Karibu mama. Tunamtafutia nani, huyu bwana mdogo?"

"Nataka gari la Kaka," nikasema.

Akacheka, akaanza kunionyesha. "Hili jekundu ni la volti sita, lina mota moja. Kama kwenu kuna mchanga usilichukue, linakwamaga. Angalia hili jeupe. Volti kumi na mbili, mota mbili, na rimoti unashika wewe. Akielekea mtaroni, unamsimamisha."

Mimi si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nikauliza linabeba kilo ngapi, tairi ni plastiki tupu au zina raba, betri ikifa naipata wapi. Tulipokuwa tunabishana, mwanangu alikuwa ameshachagua. Alisimama kando ya lile jeupe, mkono juu ya mlango, ametulia. Nikakumbuka kwamba teksi ya kaka ilikuwa nyeupe, nikaona ni mambo ya bahati tu.

"Mpandishe akae kidogo," mwenye duka akasema. "Halitembei hilo, betri yake iko ndani inachaji."

Nikampandisha. Yule bwana akainama, akapitisha mkanda kifuani kwa mtoto, akaufunga.

Mwanangu akamtazama usoni. Akasema, kwa sauti nzito ya mtu mzima, sauti ya kaka yangu niliyekua naye, nakuapia: "Na leo tena ni mkanda?"

Kicheko kikamkauka yule mtu. "Wambura?" akanong'ona.

Niamini, jina hilo nilikuwa sijalitaja pale dukani.

Gari likaondoka. Halina betri, limeondoka! Likamgonga kwenye muundi, nikasikia mfupa ukivunjika. Likarudi nyuma, likamgonga tena palepale. Akaanguka, akajivuta kwa magoti, akaudaka ule mkanda na kuuzungusha shingoni mwa mwanangu. Akakaza kwa mikono miwili, huku anapiga kelele: "Ulikufa wewe! Nilikukaza mpaka ukafa!"

Midomo ya mwanangu ikawa myeusi. Nikaruka ndani ya duka, nikaichomoa ile betri kwenye chaja, nikampiga nayo mdomoni. Nikarudia. Nikarudia tena mpaka mikono yake ikaachia na damu ikatapakaa kwenye boneti. Unadhani ninajuta? Sijutii hata pigo moja.

Watu walifika na mawe, wakidhani ni mwizi. Nikamlalia juu, kwa sababu akifa nani angeniambia? "Kaka yuko wapi?" nikamuuliza. Akajibu huku anatema meno: shimo la zamani la wachimba dhahabu, nje ya Kiabakari.

Polisi walichimba. Kaka alikuwa humo, na mkanda wa teksi yake ulikuwa bado shingoni. Yule muuaji walimkata mguu hospitali, kisha akaenda gerezani.

Tulimzika kaka nyumbani Butiama. Nikapumua, nikasema sasa yamekwisha. Bibi alimtazama mwanangu pale msibani, akaanza kulia upya. "Mmechelewa," akasema. "Amesharudi kukaa."

Leo mtoto ana miaka mitano. Alama ya mkanda haijamtoka shingoni. Tangu siku ile hajaniita mama, ananiita dada. Nikimwambia, "Mimi ni mama yako," ananionea huruma kabisa, anasema, "Dada, mama yetu si tulimzika?" Kisha ananisimulia mambo ya utotoni mwetu, ambayo tulikuwa tukiyajua wawili tu.

Wewe unayenisikiliza, kama una ndugu aliyepotea, mtafute, mzike kwanza, ndipo umpe mtoto jina lake. Mimi nilitaka kaka yangu arudi, na amerudi. Jioni anakaa mlangoni kwangu, anakula, anacheka vilevile alivyokuwa akicheka. Mwanangu ndiye ninayemwita kila siku, na haitiki.