Kilio cha Ng'ombe wa Uskoti

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa mwisho pale Kibaoni kukijua kilio kizima cha Kipimbwe, kile cha kumwimbia marehemu na kumtajia wazee wake mpaka kule nyuma kabisa. Sisi wengine tulijua kuitikia tu. Miaka ya tisini ilipoingia tulikuwa tunazikana kwa nyimbo za kanisani, na yeye akawa anaitwa kwenye misiba ya wazee wenzake tu. Majina ya watu wa habari hii ninayo yote kichwani, lakini wengi wamelala, nawaacha wapumzike.

Mwalimu alipanga chumba kwetu. Alifundisha Kiingereza shule ya sekondari, mwanamke mrefu, mwekundu usoni kama aliyetoka kupuliza moto. Tukimwita Mwingereza anakataa.

"Mimi Mskoti, mama."

Tukaona ni kama Mpimbwe kuitwa Mfipa. Tukamwelewa upesi.

Alikuwa na vitabu vyembamba vya mashairi, na si ya watu wa kale. Ya watunzi walio hai, alisema, watu wanaopanda basi na kununua mkate. Akanieleza kwamba kwao zipo lugha tatu. Kuna Kiingereza cha shule. Kuna Kiskoti cha jikoni na sokoni, ambacho aliponisomea nilidhani ni Kiingereza cha mtu mwenye ugali mdomoni. Halafu kuna Kigaeli cha milimani na visiwani, hicho hakifanani na kitu. Watunzi wanaandika kwa zote tatu, na shairi la Kigaeli mara nyingi linakaa ukurasa huu, Kiingereza chake ukurasa wa pili, yanatazamana.

"Hicho Kigaeli umekinyonya?" nikamwuliza.

"Hapana. Bibi yangu alichapwa shuleni kwa kukisema, akaona asimpe mama yangu. Mimi nimekisoma ukubwani, humu vitabuni. Na bibi nilikula naye meza moja, sikumwuliza hata neno."

Sasa siku moja mchana tulikuwa uani, mimi na mama mkwe tunapepeta mpunga, mwalimu amekaa kivulini anajisomea kwa sauti. Kigaeli. Sauti ikashuka, akarudia maneno yale yale mara kadhaa, akafuta macho. Mama mkwe akaweka ungo chini. Kiswahili chenyewe alikuwa nacho kidogo, Kigaeli atakijulia wapi? Aliona mtu aliye mbali na kwao anataja, anarudia, machozi yanatoka. Kwetu hilo ni jambo moja tu. Akavua kitambaa kichwani, akakaa chini akanyoosha miguu, akaanza kilio.

Jamani, alilia yule mama. Alianza chini kabisa, kama mtu anayeita ndani ya pango, akamwita huyo marehemu asiyemjua, mtoto wa watu wa baridi, na njia aliyoipita mwanawe huyu mpaka kwetu. Mimi sikukaa kusikiliza. Nilitoka mbio kuwaambia majirani kwamba mwalimu amefiwa. Niliporudi na wanawake, huyu na unga, huyu na kuni, mama mkwe alikuwa anamalizia.

Mwalimu amesimama na kitabu chake, hajui ashike wapi. "Mama, nani amefariki?"

"Si wako?" nikamwuliza.

"Wangu? Hapana!"

"Sasa ulikuwa unalia nini?"

"Ng'ombe."

Akaeleza: shairi linasema juu ya mama mzee wa kisiwani ambaye kila jioni anaingia zizini kumwita ng'ombe wake kwa majina ya kumbembeleza, na ng'ombe aliuzwa zamani. Aliyetunga ni mwanawe.

"Nimebeba unga wangu kwa ajili ya ng'ombe!" akasema jirani mmoja.

Jirani yetu Msukuma akamgeukia. "Kwani ng'ombe hana msiba? Nyie Wapimbwe mmezoea kuku, mtajua nini?"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mama mkwe hakucheka. Kilio kikiimbwa bila maiti, kinatafuta maiti, ndivyo walivyoamini wazee wetu. Na unga uliobebwa kupelekwa msibani haurudi nyumbani. Akafikiri, akasema: "Pikeni. Huyo ng'ombe ndiye marehemu. Tule, yaishe."

Tukasonga ugali, tukala, tukampa mwalimu pole mmoja mmoja kwa ng'ombe wake. Alipokea kwa mikono miwili, anacheka na kulia.

Kisha akakumbuka kinasa sauti chake kilichokuwa ndani ya sanduku. Akaniomba nimtafsirie: mama mkwe aimbe tena, yeye ataandika, Kipimbwe ukurasa huu, Kiswahili ule, kama wanavyofanya kwao.

"Binti," mama mkwe akajibu, "leo umeshaniponza. Siku akifa mtu, njoo na kisanduku chako ukae karibu nami."

Basi ikabaki kungoja, na kungoja gani huko? Akiugua mzee, mwalimu anaona haya hata kuuliza hali yake. Yule Msukuma akawa anamtania: "Usinitazame hivyo, mwalimu, mimi bado nipo nipo!"

Mungu alitupa mwaka mzuri. Wazee wote waliougua walipona. Mkataba wa mwalimu ukaisha, akapanda lori la kwenda Mpanda kukamata treni. Mama mkwe alimshika mkono kwa muda mrefu, akasema neno, nikalitafsiri: "Anasema umwie radhi, hakufa mtu."

Mvua zilizofuata akafa yeye.

Nyimbo za kanisani zilipokwisha, wanawake wote wakanitazama mimi, mkwe niliyeishi naye. Nikajaribu. Jina lake nilikuwa nalo, la baba yake, la babu yake, la mama wa babu yake. Lakini njia ya wimbo, pale unapopinda na pale watu wanapopokea, sikuwa nayo. Nikayasoma yale majina makavu makavu, kama mwalimu anayeita majina darasani. Hakuna aliyeitika. Kilio kile kiliimbwa chote uani kwangu, na mimi nilikuwa kwenye milango ya watu natangaza msiba ambao haupo.

Ndipo yule Msukuma akasimama. Yeye na mama mkwe maisha yao yote walizozana juu ya ng'ombe wake kuingia mpunga wetu. Akaanzisha wimbo wa kwao, na sisi tuliozoea kuitikia, tukaitikia, maneno hatuyajui. Tukamsindikiza mama mkwe wangu kwa Kisukuma mpaka shimoni.