Kinyozi Aliyeogopa Kukata

Tangu azike mke wake, kinyozi mzee hakutulia. Akiketi, anainuka. Akiinuka, anafagia palipokwisha kufagiwa. Pazia la sebuleni alilifunga, wapita njia wasimwone wakaingia kumpa pole upya.

Nyuma ya pazia hilo, ndani ya mkebe wa rangi, lilikuwa ua la marehemu, la majani mekundu. Miezi mitatu likarefuka, shina jembamba, jani hapa, jani kule, wekundu umepauka. Liliinamia upenyo wa pazia. Mzee akadhani lina njaa. Akalimwagilia asubuhi, adhuhuri, jioni. Likazidi kulegea. Akalihamishia mezani, akalirudisha. Likifa hili, aliwaza, humu ndani hakuna tena kilicho hai alichokipanda mke wangu.

Jumamosi akaja shemeji yake, mdogo wa marehemu. Akalitazama ua, akaguna.

"Shemeji, umefuga ua au kamba ya kuanikia nguo?"

"Nalipa maji."

"Unalizamisha. Linatafuta mwanga, ndiyo maana limejivuta hivi." Akafungua pazia. Mzee akafumba macho kwa jua. "Sasa likate."

"Nilikate?"

"Hapa, juu kidogo ya kifundo. Litachipua ubavuni. Hicho kipande cha juu kichomeke kwenye udongo, nacho kitashika."

"Lisipochipua?"

"Umenyoa vichwa vya mtaa mzima miaka arobaini. Nani nywele hazikuota?"

"Mwenye upara."

Shemeji akacheka, ila hakujitolea kulikata yeye. "Dada alikuachia wewe," akasema.

Mzee akatoa mkasi wake wa kazi. Akaufuta, akaufuta tena. Mara tatu aliweka makali kwenye shina, mara tatu akayaondoa. Akaenda jikoni kunywa maji asiyokuwa na kiu nayo. Aliporudi, akakata akiwa wima, kabla hajaketi.

Kikabaki kisiki, urefu wa kidole.

Wiki mbili pazia lilikuwa wazi. Watu wakamwona, wakaingia, wakampa pole. Akawaitikia shingo imegeukia dirishani. Maji alitia udongo ukikauka tu, na kungoja huko kulimchosha kuliko wageni. Asubuhi moja akapiga simu.

"Shemeji. Limetoa."

"Limetoa nini?"

"Vichipukizi viwili. Kila upande kimoja."

"Basi usiviguse, vitavunjika."

"Sijavigusa," akasema mzee. Alikuwa akivigusa tangu alfajiri.