Kipande Chetu cha Wavu

Harufu ya dagaa wanaoanikwa ikinipitia puani, hata nikiwa kwenye foleni ya benki pale Nyamagana na viatu vyangu vya kubana, mimi huwa na miaka tisa tena. Narudi Kirumba, kwenye mawe ya ufukweni, ambako kikundi cha wazazi wetu kilikuwa na wavu mmoja mkubwa. Nikisema mkubwa mnielewe: ukitandazwa, nusu ya Mwanza inapotea chini yake, na ndege wanazunguka mbali kuukwepa.

Wavu ule ulikuwa wa kaya zote ishirini na nane. Fungu la samaki lilikuwa sawa, kwa mjane na kwa mwenye wana sita wenye misuli. Mama ndiye aliyeushona kila ulipochanika, huku akiusemesha kwa Kisukuma kama anabembeleza mtoto mwenye homa. Mwenyekiti wetu, Mzee Masalu, hakuchaguliwa na mtu. Tulimkuta yupo, kama yale mawe. Nani aende ziwani, nani aanike, lini tupumzike, yote aliamua yeye, kwa sauti iliyosikika Ukerewe bila msaada wa upepo.

Kisha zikaja zile siku za redio kusema wananchi waulizwe. Mzee Masalu naye, maskini, akaona asipitwe. Akaitisha mkutano mchana.

"Wanaotaka wavu ubaki wetu sote, wapange mstari hapa. Wanaotaka tugawane, kule kwenye jiwe."

"Leo tunaulizwa sisi?" Jirani yetu Mama Nyanzala akapiga kigelegele. "Rudia, mwenyekiti! Rudia taratibu nisikie utamu wake!"

Watu walicheka hadi wakashikana mabega, na wakaenda kule jiweni huku wanacheka. Nyuma ya Mama walisimama wajane wawili na mzee mmoja kiziwi, ambaye nadhani aliwafuata wajane. Baba yangu alikuwa kule. Hakumtazama Mama. Wapo wanaosingizia mpaka leo kwamba upande ule ulikuwa na kivuli.

"Haya, mmesema," alisema Mzee Masalu, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika hata majini. Akamgeukia Mama, maana hakuna mwingine aliyejua kuukata vipande vikalingana. "Mama Kabula, utukatie wewe."

"Mimi nimekataa, mzee."

"Najua. Ila wengi wamesema."

Mama akachukua kisu. Alikata mpaka jua likaelekea kuzama, bila kumpunja mtu hata tundu moja, wakiwemo waliocheka.

Mimi nilifurahi kupita kiasi. Nilijitanda kipande chetu kichwani nikawa bibi harusi, nikazunguka mtaa mzima nikipunga mkono. "Mama, tazama! Sasa ni wetu peke yetu!" Alinirekebishia shela langu likae vizuri.

Kipande kile kisingeweza kuvua hata mbu. Kaya zote zikaishia kuvua kwa wavu wa tajiri mmoja wa Mabatini, ambaye hakuwa na haja ya mkutano.

Miaka mingi baadaye, nilipohitimu masomo ya jioni, nilimwendea Mama na kifua mbele. Je, demokrasia na ujamaa vinaweza kukaa nyumba moja? Nilikuwa na hoja kumi na mbili mkononi. Yeye alikuwa anachambua choroko.

"Miaka yote ile hawakuulizwa hata dagaa waanikwe jiwe lipi," alisema. "Siku ya kwanza kuulizwa, wangekataa hata maji ya kunywa."

"Na wangeulizwa tangu mwanzo?"

Aliokota kijiwe kwenye choroko, akakitupa uani.

"Baba yako bado angekwenda kule."

Hoja zangu sikuzisoma. Lile shela leo linafunika mchicha wangu nyuma ya nyumba, na kuku wanapenya palipochanika wanakula wanavyotaka. Nimejaribu kushona, nimeshindwa. Tangu siku ile Mama hakushika tena sindano ya wavu, na mimi, bibi harusi, sikuwahi kumwomba anifundishe.