Timu ya Waliobaki

Timu yetu ya besiboli ina miaka minane sasa, na historia yake naijua mimi kuliko mtu yeyote, kwa sababu mimi ndiye mchezaji pekee wa tangu mwanzo ambaye hajawahi kupandishwa.

Klabu yetu ina timu tatu. Ya kwanza ni ya vijana wanaojua wanachofanya, ya pili ni ya wanaokaribia kujua, na ya tatu, yetu, ni ya wanaoanza. Tunacheza daraja la mwisho kabisa la ligi; chini yetu hakuna kitu, ni nyasi tu. Mtu akijitokeza hajui hata glavu inavaliwa mkono gani, analetwa kwetu. Akishajua kurusha na kudaka, timu ya pili inamfuata, tena kwa tabasamu, kama watu waliokuja kuposa. Tunabaki sisi tusioposwa, pamoja na walioingia juzi. Halafu watu wanashangaa kwa nini tunafungwa.

Hatukuanzia kwenye klabu. Tulianzia Hayes, magharibi mwa London, kwenye jiko kubwa linalopakia chakula cha abiria wa ndege, ambako kazi yangu ilikuwa kupanga sinia kwenye mkanda unaotembea: mkate, siagi, saladi, uma, mkate, siagi, saladi, uma. Dereva wa foklifti, kile kigari cha kunyanyulia mizigo, alikuwa Mvenezuela, mtu mfupi mwenye sauti ya kunadia mitumba. Siku moja wakati wa mapumziko akatukuta tunarushiana machungwa yaliyopondeka. Akaniuliza nimejifunzia wapi kudaka. Nikamwambia mimi ni wa tano kati ya watoto tisa, kwetu usipodaka huli. Jumapili iliyofuata akatukusanya watu saba kwenye nyasi nyuma ya maghala, na huyo ndiye kocha wetu mpaka leo.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, ni hivi. Mrushaji anarusha mpira mdogo, mgumu, nawe unaupiga kwa fimbo nene, kisha unakimbia kuzunguka vituo vinne. Ukirudi pale ulipoanzia, timu yako imepata pointi. Ukiguswa na mpira ukiwa njiani kati ya kituo na kituo, umetoka. Wakitoka watatu, zamu inahamia upande wa pili. Mengine yote ni kelele.

Miaka yetu ya kwanza ilikuwa ya raha na aibu kwa pamoja. Ndege zilipita chini chini juu ya vichwa vyetu, na kocha alikuwa akikatizwa katikati ya maelekezo, anasimama mdomo wazi akisubiri ipite, kisha anaendelea na neno lile lile alipoishia. Jezi zetu za mwanzo tulipewa na baa iliyofungwa. Mgongoni zilikuwa na picha ya kishale cha ule mchezo wa baa wa kulenga ubao. Mechi ya kwanza tulipigwa vibaya mpaka wapinzani wakatuonea huruma, wakatugawia keki yao. Nilikula vipande viwili. Baadaye maghala yakataka ile nyasi waegeshe malori, tukahamia uwanja wa shule moja, na huko mlinzi wa geti alikuwa anasahau kila Jumapili kwamba tupo. Tuliruka uzio mara tatu, na mimi na umbo langu hili nilisukumwa kwa nyuma na watu wawili. Mwisho ile klabu ikatuchukua, ikatupa kona ya bustani yao na jina la timu ya tatu.

Hapo ndipo tulipompata mzee wetu wa daftari. Ni Mhindi wa Rayners Lane, mtaa usio mbali na kwetu, mzaliwa wa Tabora, na alikuja bustanini akitafuta kriketi. Alinisikia nikigombana na glavu yangu kwa Kiswahili, akakaa kwenye benchi, akaniuliza, "Dada, huu mchezo gani? Mbona kila mtu anakimbia halafu anarudishwa?" Nilimkumbatia kabla sijamjibu. Tangu siku ile hajakosa mechi. Ndiye anayeandika matokeo, kwa wino, na hajawahi kutupunguzia hata kipigo kimoja.

Binti yangu naye alikuja kuja tu, anicheke. Kufika mwisho wa kiangazi alikuwa anapiga mpira unavuka miti, na timu ya pili ikamchukua. Aliniambia tukiwa kwenye kituo cha basi: "Mum, usikasirike. It's literally the next pitch." Nikamjibu sijakasirika. Nilikuwa nimekasirika, na pia nilikuwa nimejaa fahari mpaka nikapanda basi lisilo letu.

Basi, mwaka jana mwanzoni mwa msimu, kocha akatuita tukae chini. Ukikuta kocha anakuita ukae chini, ujue hakuna jema. Kamati ya klabu ilikuwa imechoka. Miaka yote ile hatukuwa tumeshinda mechi hata moja, na kuna watu walioutaka muda wetu wa uwanja. Tukimaliza msimu bila ushindi, timu ya tatu inavunjwa.

"Vijana wataingia timu ya pili," akasema.

"Na mimi?"

Akaangalia viatu vyake. "Kamati wanasema unaweza kusaidia na chai."

Mimi hasira zangu haziko mbali, zinakaa hapa kifuani karibu na mlango. Nilimwambia kwamba chai naipika kwangu, na wakiitaka waje Hayes na sukari yao. Lakini nilipofika nyumbani nililia. Nina miaka hamsini na mbili. Wiki nzima niko kwenye mkanda, na Jumapili mchana ndiyo saa pekee ambayo mtu ananipigia kelele ya furaha. Hakuna timu nyingine London itakayomchukua mwanamke wa umri wangu asiyejua kupiga. Wale vijana walikuwa na pa kwenda. Mimi sikuwa na pengine.

Tulifungwa Mei. Tulifungwa Juni na Julai bila kukosa. Ikabaki mechi moja, mwisho wa Agosti, dhidi ya timu ya wanaoanza kama sisi. Nilitoka kanisani kabla ya matangazo, dhambi ambayo mama yangu asingeisamehe, nikafika uwanjani tuko wanane. Wa tisa alikuwa ameitwa kazini. Sheria ya ligi ni kwamba mkiwa pungufu ya tisa mmeshindwa. Kocha akageuka taratibu akamtazama mzee wa daftari. Mzee akafunga daftari, akavua koti lake akalikunja vizuri, akasema, "Goti langu moja bovu. Lingine liko sawa kiasi."

Sijui ilikuwaje siku ile. Wao walidondosha mipira, sisi tukadondosha mipira, na kufika zamu ya mwisho tulikuwa sare, sisi ndio wapigaji. Pointi moja tu, na mechi imekwisha. Mzee akaenda na fimbo, akasimama nayo begani, hakuipunga hata mara moja. Mrushaji wao akarusha vibaya mara nne, na ukirushiwa vibaya mara nne unapewa kituo cha kwanza bure. Wenzetu wawili waliofuata wakapiga mipira ya kujikokota, mpira ukawatangulia kituo cha kwanza, wakatolewa, lakini kila mara mzee alisogea kituo kimoja. Akafika cha tatu. Wawili wametoka, mmoja amebaki, na mmoja huyo ni mimi.

Nikafumba macho nikapiga. Mpira ukaenda hatua sita, mrushaji akauokota, ukamponyoka, nami nikafika kituo cha kwanza nikitweta. Mzee hakuwa amesogea. Baadaye alisema alikuwa anasubiri refa amruhusu. Nikamtazama kocha. Alikuwa ananipungia mkono, kiganja chini. Miaka yote nimefundishwa kwamba kiganja chini maana yake tulia hapo hapo. Lakini kwetu Morogoro ukimpungia mtu kiganja chini unamwambia njoo, na damu ikichemka mtu harudi kwenye mafunzo, anarudi kwao. Nikatoka mbio kuelekea cha pili.

Nilipofika katikati nikamwona kijana wao amenisubiri mbele na glavu yake, mpira umo ndani. Nikageuka. Nyuma alikuwepo mwingine. Wa mbele akamrushia wa nyuma, nikageuka tena. Nikiguswa, mimi ndiye wa tatu na zamu yetu imekwisha; kosa langu hilo lilikuwa linakwenda kuivunja timu, na nililijua.

Ndipo nikasikia sauti ya Tabora kutoka kituo cha tatu: "Dada, rede! Cheza rede!"

Ewe Mola. Rede ya utotoni: watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, wanakutupia mpira ukupate, na mimi katikati. Nilikuwa malkia wa rede wa mtaa mzima, nilikuwa sitoki mpaka wenzangu wanaitwa kwenda kuosha vyombo. Miguu ikakumbuka yenyewe. Mpira ukija nainama, ukirudi naruka, nakata kulia, nakata kushoto, nazunguka. Wale vijana hawakuwa wanautupa unipige, walitaka tu kunigusa nao, lakini mwili wangu haukujua hilo na haukutaka kujua. Wakaanza kucheka. Mmoja akarusha juu mno, mwenzake akaufukuza, akarudi, nami bado nipo. Wote wawili walikuwa wamesahau kila kitu isipokuwa mimi.

Tatizo ni kwamba mzee naye alikuwa amesimama ananitazama, anapiga makofi.

"Kimbia, mzee wangu! Usinitazame mimi, kimbia!"

Akaondoka. Kukimbia siwezi kusema alikimbia. Alikwenda kama mtu anayewahi posta kabla haijafungwa, mkono mmoja kwenye goti, na mimi kule nikainama, nikaruka, nikainama, mapafu yanawaka moto, nikimwomba Mungu ampe mguu mmoja zaidi. Sikuona alipofika. Nilisikia kelele, nikadhani nimekosea tena, nikaendelea kuruka. Wale vijana walikuwa wameshaweka mpira chini. Refa akaja akasimama mbele yangu akaniambia kwa upole, "Madam, it's finished. You won."

Nilikaa pale pale kwenye vumbi. Kocha alikuwa analia bila kuficha. Mzee alikuwa amelala kifudifudi juu ya kituo cha nyumbani, kile cha kuanzia na kumalizia, amekikumbatia kwa mikono yote miwili, hataki kuinuliwa. Binti yangu aliruka kamba kutoka uwanja wa pili, akanivaa shingoni akipiga kelele, "Mum, you were meant to stay on first!" Nikamwambia najua, najua, na nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Kamati ikatuma ujumbe mfupi kwamba timu ya tatu itaendelea. Watano kati ya tisa wetu wakapandishwa kabla ya Krismasi.

Aprili hii, mazoezi ya kwanza, walikuja wapya sita. Mmoja ni muuguzi kutoka Dodoma, ana wiki tatu London, na baridi ilikuwa imemfanya ajikunyate kwenye koti kubwa. Alinisikia nikiongea na mzee akaja mbio kusimama karibu yangu. Akaniuliza, "Samahani, mama, hii timu huwa inashinda?"

"Tumeshinda mara moja," nikamwambia.

Akasubiri nicheke. Sikucheka. Nikampa glavu yangu, nikamwambia aingie katikati yetu, mimi huku na mzee kule.