Ukuta Aliouomba Dalali

Dalali yule alistaafu minada; mdomo wake haukustaafu. Mtaani walimwita Nyundo. Alipoona kibao kwenye kiwanja kitupu cha jirani yake muuguzi, kikitangaza kwamba anaomba kujenga ghorofa na mwenye pingamizi afike halmashauri, alifurahi kama aliyealikwa harusini.

"Madirisha ya ghorofa hiyo yatachungulia uani kwangu," alimwambia mkewe. "Nitaogaje?"

"Bafu lina mlango, baba watoto. Na wewe ulianza lini kuwa wa kuchunguliwa?"

Hakusikia la mwadhini wala la mnadi swala. Siku ya kikao alitia koti la minada, akasimama mbele ya ofisa wa ramani kana kwamba ananadi hoteli. Alitaja faragha, akataja heshima ya ndoa, akakohoa, akairudia ndoa. Muuguzi, aliyetoka zamu bila kupita nyumbani, alisinzia mara mbili.

"Kama ubaya ni madirisha ya upande wake, nayafuta," alisema hatimaye. "Mimi nataka nyumba, sitaki kesi."

Nyundo alirudi kifua mbele. Kinyozi, aliyekuwa na wembe shingoni mwa Nyundo, alilazimika kuusikiliza ushindi ule wote.

Ujenzi ukaanza, na ukuta ukapanda palepale mpakani, mkono tu kutoka dirisha la chumba cha Nyundo. Ulipolipita paa, upepo ulikata mguu. Adhuhuri akawa anawasha taa kutafuta soksi, na shuka zikawa za kukamua jasho.

Akarudi kwa ofisa, mbio. "Kwenye ramani nyumba ilikuwa mbali. Nani kaisogeza?"

"Ile nafasi ilikuwa ya kuyapa madirisha hewa," ofisa alijibu, bila kuacha kugonga mihuri. "Ukuta usio na dirisha unaruhusiwa kufika mpakani. Madirisha uliyakataa mwenyewe, mzee."

Ile nafasi muuguzi aliihamishia upande wa pili, akajenga baraza pana. Alasiri moja Nyundo aliita chai, hakuitikiwa. Alimkuta mkewe kwenye baraza lile, miguu juu ya kigoda, khanga ikipepea.

"Umehamia huku?"

"Kule kwako kuna faragha mno," mkewe alisema, amefumba macho.

Muuguzi akamletea kiti. Nyundo aliketi, akafungua vifungo viwili vya shati, upepo ukampiga kifuani. Akazipapasa kingo za baraza.

"Hizi kingo ni fupi," alisema. "Halmashauri wameziona?"